Ripoti ya SACCOS iliyonyamaza: kisa cha lugha ya kukagua tahajia

Katibu wa SACCOS moja hapa Dar es Salaam alinitumia faili la Word lenye ripoti ya mwaka na rasimu ya masharti mapya ya chama. Ombi lake lilikuwa moja tu: mistari myekundu iondoke. Wajumbe wa bodi walikuwa wameonyeshwa faili hilo kwa projekta, wakaona kurasa zilizojaa mawimbi mekundu, na mzee mmoja akauliza, "Mama, hii kaandika nani?" Mama wa watu akajitetea kwamba Kiswahili chake hakina tatizo, tatizo ni kompyuta. Kwa kurasa zile zilizomtia aibu, alisema kweli. Shida yenyewe ilikuwa kwenye kurasa ambazo bodi ilizisifia.

Faili lilikuwa na sehemu tatu, na kila moja ilikuwa na tabia yake.

Taarifa ya mwenyekiti na ile ya mweka hazina zilikuwa nyekundu karibu kila neno. Maneno yaliyosalimika yalikuwa machache: "wake", "pale", "tuna", "pole". Hayo yote yanapatikana pia kwenye kamusi ya Kiingereza, kwa hiyo yalipita kwa bahati ya kufanana. Ukiona ukurasa wa Kiswahili ambao waliopona ni hao tu, usihangaike kutafuta virusi: ukurasa huo unakaguliwa kwa Kiingereza.

Taarifa ya mkaguzi wa hesabu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kama ilivyo kawaida ya wakaguzi wetu wengi, hata wakati chama chenyewe kinaendesha kila kitu kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa safi isipokuwa hapa na pale. Neno "labour" lilikuwa na mstari, dalili kwamba Kiingereza kilichokuwa kikitumika kukagua ni cha Marekani, na mkaguzi kaandika cha Uingereza.

Kisha masharti. Sehemu ndefu kuliko zote, na hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Bodi ilipofika hapo ilipumua, na nikaambiwa kwamba mjumbe mmoja alishauri aliyechapa masharti ndiye apewe kazi nzima. Lakini ukisoma ibara inayohusu dhamana ya mikopo, unakutana na "mdhamni", si mara moja, badala ya "mdhamini". Kikagua tahajia kilichoshindwa kuvumilia "mwenyekiti" kule mwanzo kimewezaje kuliacha "mdhamni"? Hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia.

Historia ya faili ilieleza mengi. Taarifa ya mwenyekiti ilichapwa na katibu mwenyewe, kwake Tabata, kwenye laptopu ya ofisi ambayo Word yake ilikuja na Kiingereza cha Marekani na haikuwahi kuguswa. Mweka hazina anakaa Kigamboni. Yeye alituma maelezo yake kwa barua pepe, kipande kwa kipande, na katibu akawa anakopi na kupesti. Masharti yalichapwa kutoka kwenye nakala ya mkono, steshenari moja ya Kariakoo. Nilimuuliza katibu kama yale masharti yaliwahi kuwa na wekundu. Akasema ndiyo, mwanzoni. Kijana wa pale dukani alimwambia, "Mama, hizi nyekundu zinakuchosha macho bure, mashine haijui Kiswahili. Ngoja nizime."

Simlaumu kijana. Ana foleni nyuma ya mteja, na mteja anaangalia skrini kuliko anavyoangalia maneno. Ila mistari ile haichapwi kamwe. Ukiprinti au ukitoa PDF, karatasi inatoka safi. Na njia aliyotumia kuzima ndiyo yenye kasheshe. Angeweza kuingia kwenye mipangilio ya Word na kuondoa tiki ya kukagua wakati wa kuandika. Hiyo ingebaki kwenye kompyuta ya duka na kuisha hapo. Yeye alibonyeza Ctrl+A, akafungua menyu ya Review, akaenda Language, kisha Set Proofing Language, akaweka tiki penye Do not check spelling or grammar. Tiki hiyo haikai kwenye kompyuta. Inaandikwa ndani ya maandishi yenyewe. Ikapanda kwenye flashi pamoja na masharti, ikaenda Tabata, ikaja kwangu.

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanaotumia Word kila siku hawajawahi kuambiwa. Lugha ya kukagua tahajia haifuati kompyuta wala programu, wala lugha ya menyu. Kila kipande cha maandishi kina lebo yake. Kuna lebo ya msingi ya waraka mzima. Juu yake kuna lebo ya staili, yaani Normal, Heading 1, na nyinginezo. Na juu kabisa kuna lebo iliyobandikwa moja kwa moja kwenye maneno. Ya juu ndiyo inayoshinda. Ukibadilisha ya chini huku ya juu ikiwa bado ipo, utabofya mpaka uchoke na hutaona tofauti.

Chukua sentensi moja ya mweka hazina: "Wanachama wanakumbushwa kukamilisha marejesho kabla ya tarehe 30 Juni." Ukiweka kielekezi kwenye neno "wanakumbushwa" na kutazama upau wa chini kabisa wa dirisha, unasoma English (United States). Sogeza kwa mshale wa kibodi hadi "marejesho", maandishi yale ya chini yanageuka kuwa English (United Kingdom). Sentensi moja, lebo mbili. Katibu aliandika mwanzo wa sentensi mwenyewe, na sehemu iliyobaki aliipesti kutoka kwenye barua pepe ya Kigamboni, nayo ikaja na lebo yake. Kwa anayependa kuona kwa macho: faili la docx ni furushi la zip. Badilisha kiambishi cha jina la nakala yake kiwe .zip, lifungue, ingia folda ya word, na ndani ya document.xml utakuta w:lang ikiwa na en-US hapa, en-GB pale. Kwenye masharti kulikuwa na kitu kingine, w:noProof, aya baada ya aya. Hiyo ndiyo tiki ya Kariakoo.

Dawa ambayo kila mtu huijaribu kwanza ni kuchagua waraka wote kwa Ctrl+A na kuupa Kiswahili. Katibu alikuwa ameshashauriwa hivyo na mtu wa ofisini kwao. Kwa barua ya ukurasa mmoja, fanya hivyo na uendelee na maisha. Kwa faili hili ingeleta matatizo matatu. La kwanza, taarifa ya mkaguzi ingebandikwa lebo ya Kiswahili, na kesho yake ingekuwa yeye ndiye anayedhalilishwa kwenye projekta. La pili, Ctrl+A ukiwa kwenye maandishi ya kawaida haifiki kwenye tanbihi, wala kwenye maandishi ya juu na chini ya ukurasa, wala kwenye visanduku vya maandishi. Na ripoti hii ilikuwa na tanbihi nyingi za kunukuu vifungu vya sheria. La tatu ni ile tiki. Ukichagua maandishi yenye mchanganyiko, kijisanduku cha Do not check hakionyeshi tiki wala hakiko wazi. Kinakuwa na alama ya katikati, kana kwamba kinasitasita. Ukichagua lugha na kubofya OK bila kukigusa, lugha inabadilika na tiki inabaki palepale ilipokuwa. Inabidi ukibofye mpaka kiwe wazi kabisa.

Kwa hiyo nilianza na kijisanduku, nikakisafisha waraka mzima. Masharti yakawaka nyekundu mara moja, na katibu, niliyekuwa nimekaa naye siku hiyo mbele ya laptopu yake, akashika kichwa. Nikamwambia huo ndio mwanzo wa kupona. Baada ya hapo nikabadilisha staili ya Normal: Modify, kisha Format, kisha Language, nikaweka Kiswahili, kwa sababu staili nyingi za waraka ule zilirithi kutoka hapo. Kisha nikashughulikia lebo zilizobandikwa moja kwa moja. Dirisha la kutafuta na kubadilisha la Word linaweza kutafuta lugha bila neno lolote: sehemu ya kuandika unaiacha tupu, unabofya More, Format, Language, unasema tafuta English (United Kingdom), na kwenye sehemu ya kubadilisha unaweka Kiswahili. Badala ya kubofya Replace All, nenda pole, kipande kwa kipande, ukiviruka vile vya mkaguzi. Tanbihi nilizishughulikia kwa kubofya ndani ya mojawapo na kubonyeza Ctrl+A nikiwa humo humo, ambapo zinachaguliwa tanbihi zote.

Wekundu wote ukatoweka. Katibu akacheka kwa sauti: "Umeniponya, mwanangu."

Mimi sikufurahi hata kidogo. Kiswahili kina viambishi mbele na nyuma ya kila kitenzi. Hakuna kamusi ya kompyuta inayoweza kupitia kurasa zile zote na kukubali kila neno, pamoja na majina ya wanachama, pamoja na "mdhamni". Niliandika katikati ya aya neno la kipuuzi, "mdhmnxa". Hakuna mstari uliotokea. Jaribio hili halikugharimu kitu na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kuamini ukurasa safi: andika upuuzi, na kama upuuzi unapita, ujue hakuna anayekagua.

Sababu ilikuwa kwenye orodha ya lugha ileile tuliyokuwa tumeitumia. Baadhi ya lugha pale zina alama ndogo ya abc yenye tiki pembeni ya jina. Hizo ndizo ambazo Word ina zana zake za kukagua. Kiswahili kwenye laptopu ile kilikuwa kwenye orodha bila alama hiyo. Word inakuruhusu kubandika lebo ya lugha isiyo na zana yoyote. Kwa kawaida hutoa upau wa manjano juu ya waraka kukuambia zana hazipo, lakini upau huo una mahali pa kusema usinionyeshe tena, na mtu fulani katika maisha ya laptopu ile alishasema hivyo. Tulikuwa tumetoka kwenye kimya cha kijana wa Kariakoo na kuingia kwenye kimya kingine.

Microsoft hutoa pakiti za lugha bila malipo, Kiswahili kikiwamo. Laptopu ilikuwa ya ofisi, na nywila ya kuweka programu ilikuwa kwa mtu aliyekuwa safarini. Katibu ana kijana anayesoma chuo, na laptopu ya kijana ina LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia nyaraka. Tukaenda huko.

LibreOffice ni mwendelezo wa OpenOffice, na Kiswahili humo kina historia ya hapahapa Dar: Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la mwaka 2004, lilitoka kwenye mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamusi ya tahajia inayosambazwa na LibreOffice mpaka leo inaitwa sw_TZ. Ila kwenye Windows haiji yenyewe kila mara. Wakati wa kuweka programu inabidi uchague Custom, ufungue sehemu ya kamusi, uiwekee Swahili alama. Kijana alikuwa hajafanya hivyo, tukarudia, dakika chache tu.

Tukafungua faili. Kimya tena! "Mdhmnxa" limekaa katikati ya aya, halina hata alama.

Safari hii lilikuwa jambo la mpaka wa Namanga. Lebo ambayo Word huandika kwa Kiswahili ndani ya faili ni sw-KE, Kiswahili cha Kenya. Kamusi iliyowekwa kwenye LibreOffice ni ya Tanzania. Programu hailinganishi maana, inalinganisha herufi: KE si TZ, basi kamusi haipo. Upande wa tahajia tofauti hiyo haina uzito, kwani Kiswahili sanifu kinachoandikwa Nairobi na Dar kina asili moja, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lakini kompyuta haijasoma historia hiyo. Kwenye Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, tulifungua Tools, Language, For All Text, tukachagua Swahili (Tanzania), kisha tukachagua kurasa za mkaguzi peke yake na kuzirudishia English (UK). Hapo mistari ikatokea, michache, iliyotawanyika, kila mmoja ukiwa na sababu yake. "Mdhmnxa" likawa la kwanza. Nililifuta kwa heshima zote.

Mingi ya mistari hiyo ilikuwa ya uongo, na ni vizuri kuijua sura yake mapema ili mtu asikate tamaa. Kikagua tahajia hufanya kazi kwa orodha ya maneno na kanuni za viambishi. Kinajua "dhamini" na "anadhamini". Ukikiletea "tusipowadhamini" au "aliyejidhaminisha", kinaweza kukataa, ingawa mzawa yeyote anaelewa bila kufikiri. Majina ya watu na mitaa, Tandale, Mbagala Kizuiani, hayo yanakataliwa kwa haki. Lakini katikati ya uongo huo tulipata "mdhamni", tukapata "asilmia", tukapata "marejsho", na kwenye taarifa ya mwenyekiti tukapata "mwanchama".

Hilo la mwisho lilinivuta. Nilipolifungua faili kwangu siku ya kwanza, "mwanchama" na "wanachama" yote yalikuwa na wekundu kama majirani zao. Kwenye laptopu ya katibu, kabla hatujabadilisha kitu, hayakuwa na mstari. Faili lilelile, kompyuta mbili, mistari tofauti: tofauti hiyo haiwezi kuwa ndani ya faili. Nilimuuliza kama huwa anabofya kitufe cha kulia juu ya maneno mekundu. "Sana," akasema, "nabofya pale pa Add to Dictionary, linatulia." Alikuwa amefanya hivyo miezi na miezi, neno baada ya neno, la sawa na la makosa, na yote yalikwenda kwenye faili la Word linaloitwa CUSTOM.DIC. Faili hilo kwa kawaida hutumika kwa lugha zote. Siku pakiti ya Kiswahili ikiwekwa, "mwanchama" litapita kama neno halali kwenye laptopu ile, na ile tu.

Kulisafisha ni kazi ya kukaa kitako: Options, Proofing, Custom Dictionaries, Edit Word List, halafu unasoma orodha kutoka juu hadi chini na kufuta. Katibu aliifanya mwenyewe, akiguna kila alipokutana na la kwake. Baada ya hapo kuna kitufe cha Recheck Document, ambacho hufuta yale ambayo mtu aliambia Word iyapuuze kwenye waraka huo. Ukikisahau, Ignore All za zamani zitaendelea kukuficha mambo.

Kuna kosa moja ambalo hakuna kati ya haya lingelikamata. Ibara ya masharti iliyohusu riba ilisema "mkopeshaji atalipa", na aliyekusudiwa ni mkopaji. Maneno yote mawili ni sahihi, tahajia haina neno. Mweka hazina ndiye aliyeliona, alipokuwa akisoma nakala ya karatasi kwenye kivuko, na kupiga simu kabla hajashuka. Chama kingejikuta kinawalipa wanachama riba ya mikopo yao wenyewe.

Ripoti imechapwa kutoka kwenye PDF iliyotolewa na LibreOffice, na mistari iliyokuwa imebaki chini ya majina ya watu tuliiacha kama ilivyo. Bado kuna jambo moja. Nakala ya docx iliyohifadhiwa kutoka kwenye laptopu ya kijana sasa ina lebo ya sw-TZ, na Word ya ofisini haina zana ya lebo hiyo, kwa hiyo ukiifungua Tabata inanyamaza kama zamani. Mpaka mwenye nywila arudi na pakiti iwekwe, makubaliano ni kwamba masharti yanafanyiwa kazi kwenye ODT, aina ya faili ya LibreOffice, na anayetaka kuyachapa Kariakoo anapeleka PDF, si faili la kuhariri.